Kipimo cha Mama Mkwe

Sipendi kuambiwa "ni umeme tu." Hapa Arusha umeme umeshasingiziwa mengi, na meneja wa kituo kimoja cha afya kule Elerai alitaka nami niusingizie. Majibu ya vipimo yalikuwa yakipotea kwenye kompyuta za maabara. Aliyeandika ile programu alishahamia Dar es Salaam na simu zetu hapokei, ndipo nikaitwa mimi, fundi wa programu. "Angalia angalia, halafu uandike ni umeme," meneja aliniambia, kama mtu anayeagiza chai.

Sababu ya haraka yake ilikuwa imeketi kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameolewa Oldonyo Sambu. Mama mkwe wake alipimwa damu hapo kituoni, akaambiwa figo zake ni nzima, akarudi nyumbani. Mwili ulipoendelea kumuuma, huyu mkamwana akamchemshia supu ya mbuzi yenye mizizi, kama wazee wa kule wanavyochemshiwa miaka yote. Mama akavimba, akafariki. Ukoo ukasema mizizi ndiyo iliyomuua, maana hospitali ilimkuta mzima. Mume akamrudisha mke wake kwao Olmotonyi na watoto akabaki nao.

"Nataka kujua kitu kimoja," aliniambia. "Mama aliumwa kabla ya supu yangu, ama baada?"

Niliingia maabara nikakaa. Umeme ulikatika kabla sijafungua hata ukurasa mmoja, na UPS, ile betri ya akiba chini ya meza, ikaanza kulia. Hapo nikaona kitu ambacho hakuna aliyenisimulia, kwa kuwa kwao kilikuwa cha kawaida kama kunawa mikono. UPS ikilia, wote huacha walichoshika na kubonyeza "Hifadhi," tena na tena, wawahi kabla mashine hazijazima. Walifundishana hivyo wenyewe, kwa nia njema kabisa.

Programu yenyewe ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Uzi mmoja, ndivyo tunavyoita kila mkondo wa kazi ndani ya programu, ulipokea majibu kutoka mashine ya kupimia damu, mwingine ulihudumia skrini na vidole vya watu. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kwamba nyuzi zote mbili zilipitia muunganisho mmoja tu kwenda kwenye kanzidata, ghala la kumbukumbu zote, bila foleni. Ni kama wapishi wawili kwenye sufuria moja: mmoja akiona chake kimeharibika, anamwaga sufuria yote. Vidole vikibonyeza ovyo, uzi wa skrini ulikwama, ukafuta kila kilichokuwa hakijathibitishwa, pamoja na majibu ambayo mwenzake alikuwa ndiyo kwanza ameyaingiza. Na kwenye skrini neno "Imehifadhiwa" lilikuwa limeshatokea. Nilitukana kwa sauti, mtaalamu wa maabara akajifanya hajasikia.

Dawa yake ni ndogo. Kila uzi upewe muunganisho wake, na neno "Imehifadhiwa" lisionekane mpaka kanzidata yenyewe ikubali. Ningekuta kosa kubwa, la kukesha nalo, nadhani nisingekasirika kiasi kile.

Mashine ya damu ina kumbukumbu yake. Mimi na mtaalamu tukaitafuta sampuli ya yule mama, tukaikuta. Figo zilikuwa zimeshachoka vibaya siku ile ile aliyopimwa. Majibu yalifika kwenye kompyuta, yakafutwa, na daktari alipofungua faili akakuta kipimo cha safari ya nyuma, kizuri, akakisoma hicho.

Nilimweleza meneja. Akafunga mlango.

"Umeme si ulikatika siku ile?"

"Ulikatika."

"Basi hutakuwa umesema uongo."

Nilimwambia sitaandika hivyo. Nikatoka, nikaketi benchini karibu na yule mwanamke, nikamweleza yote. Hakulia. Aliniuliza kama naweza kwenda kuwaambia wale wa nyumbani, kwa sababu yeye hawamsikilizi. Nilikubali, ingawa niliogopa, sikufichi.

Oldonyo Sambu, nilikokwenda naye, kulikuwa kukavu na upepo unapeperusha vumbi. Mume alikuwapo na kaka yake mkubwa. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, tukapewa viti nje. Nilisema polepole, bila nyuzi wala kanzidata.

"Kwa hiyo mama alikuwa anaumwa kabla ya supu," kaka mkubwa alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na nyie mkamwambia ni mzima."

"Ndiyo."

Sikusema kwamba programu niliikuta tu, sikuiandika mimi. Mbele yao nilikuwa mtu wa kituo, na hasira yao ilikuwa haki yao. Kaka mkubwa alisema kwa Kimaasai maneno ambayo sikuyaelewa. Mume alijikohoza. Hakuomba radhi. Alimwambia mke wake, kama vile alikuwa ametoka asubuhi tu kwenda sokoni, "Haya, ingia ndani, uwachemshie wageni chai."

Mwanamke hakunyanyuka. Alimtazama mume, akamtazama shemeji yake.

"Mtakunywa nilichochemsha mimi?" aliuliza.

Nilisubiri mmoja wao aseme ndiyo. Hakuna aliyesema.