Diski Namba Sifuri

Ndugu wasomaji, yaliyonipata wiki iliyopita hapa Songea nayasimulia mwenyewe, kabla hamjayasikia mtaani Lizaboni yakiwa yameongezwa chumvi.

Chama chetu cha wakulima wa tumbaku kilipata kompyuta kuu, mtumba kutoka Ulaya, kubwa kama kabati la nguo. Nilipewa kazi ya kuandaa diski mpya ili tuweke Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ndani mlikuwa na diski mbili: ya zamani, yenye majina ya wakulima ambayo karani wetu, Mama Komba, aliyachapa msimu mzima, na hiyo mpya, isiyo na kitu. Mashine ikauliza nifomati ipi, yaani nifute na kuandaa upya ipi, sifuri au moja. Nikajiambia sifuri ndiyo ile tupu. Kumbe mashine huanza kuhesabu kwa sifuri, na diski ya kwanza ilikuwa ile ya zamani.

"Fundi, una hakika?" akauliza Mama Komba.

"Mama, haya mambo nimeyasomea Dar."

Mashine nayo ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, nikakunja nne kusubiri.

Mchana meneja akaingia na wageni. "Mama Komba, hebu waonyeshe wakulima wetu wa Namtumbo."

Mama Komba akachapa jina moja. Hakuna kitu. Akachapa lingine. Hakuna. Akavua miwani, akanigeukia.

"Mwanangu, umewafuta wote?"

Nilitaka kuomba radhi. Mbele ya wageni wote, ulimi ukaniteleza: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika kwa upole, kisha akaendelea kungoja jibu.