Muonja Mchuzi wa Futari

Juzi nilifuturu kwa mjomba, hapa Palma. Nyumba nzima imefunga isipokuwa yeye, maana figo zimegoma na damu yake husafishwa kwa mashine mjini. Basi wenye akili zao wakampa kazi: si anakula mchana, aonje mchuzi na kuukoleza chumvi. Mimi niliyekimbia skola na walimu wake mapema nina akili za kuwagawia wote, ila hawakuniuliza.

Adhana ikaita. Tonge la kwanza tu, mkewe akashika shavu. Jirani akamaliza maji ya kikombe kwa pumzi moja.

“Baba, chumvi hii umetia kiasi gani?” mkewe akamuuliza mjomba.

“Mpaka ikakolea. Na bado mchuzi naona umepooza.”

Tukamtazama. Yeye akaitazama miguu yake iliyovimba. “Nesi aliniambia ulimi wangu hauikamati chumvi tena. Nikajua anawatetea wapishi wa hospitali.”

Hongera kwetu: tulimkabidhi kopo la chumvi mtu aliyekatazwa chumvi.

Mkewe akamwondolea mchuzi, akamsogezea wali mtupu. Mjomba akatafuna taratibu.

“Mbona ladha ni ileile?”

“Kama ni ileile,” akasema mkewe, “basi utakula hii isiyokuua.”