Matundu Mawili ya Karavani ya Masaka

Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 1994. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu saa tatu, jua halikuonekana kabisa.

Asubuhi hiyo Ndayisaba alikuwa anakabidhi karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, katika gereji yake ya Gikondo, Kigali. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na sita alikuwa fundi wa kampuni moja ya barabara, na kazi yake ilikuwa kutunza karavani walimolala wahandisi: kuzivuta kutoka kambi hadi kambi, kuzisawazisha kwa pima maji, kuziba paa kabla ya masika. Mwezi wa Machi nyumbani kwake kulikuwa na watu sita. Mwezi wa Agosti alifungua lango la gereji akiwa peke yake. Wateja hawakumwuliza, kwa kuwa wengi wao hawakutaka kuulizwa.

Mteja wa siku hiyo alikuwa Harriet, mwalimu aliyezaliwa Mbarara, Uganda, akaja Kigali mwezi wa Julai. Wenzake wengi waliotoka Uganda waliingia katika nyumba za watu waliokimbia. Yeye alikataa. Alinunua karavani hii ikiwa kuukuu kutoka kwa mradi wa wageni uliokuwa unafungwa, ili aishi na shangazi yake, Mukamana, kwenye kiwanja cha ukoo huko Masaka, akaileta kwa Ndayisaba aitengeneze. Nyumba ya hapo ilikuwa imebaki msingi tu. Katika ndugu wote wa baba yake Harriet, Mukamana ndiye peke yake aliyebaki hai.

Ndayisaba alikuwa na desturi moja. Pini ya kuunganishia karavani na gari haikutoka mfukoni mwake mpaka mwenye mali arudie masharti yote kwa mdomo wake.

"Vitu vizito unaweka wapi?"

"Katikati, juu ya ekseli."

"Nyuma je?"

"Godoro na sufuria."

"Na ukiweka gunia la maharage nyuma?"

"Mkia utayumba mpaka unitupe mtaroni, Muzee."

"Wewe pamoja na maharage. Haya, umefika Masaka. Kitu cha kwanza?"

"Nachomoa pini."

"Umefeli, mwalimu!"

"Aa, kabari! Naweka kabari kwenye magurudumu, ndipo nachomoa."

"Ukisahau?"

"Itateremka irudi Gikondo bila mimi."

"Itafika kabla yako, na mimi nitakuwa nimeshaiuza."

Harriet alicheka. Mukamana, aliyekaa kwenye benchi karibu na ukuta, hakucheka. Alikuwa anatazama matundu mawili ya hewa yaliyokuwa chini ukutani mwa karavani, usawa wa sakafu.

"Na hayo?" Ndayisaba aliuliza.

"Siyazibi."

"Na moto?"

"Nje tu."

Sharti hilo hakuwahi kumlegezea mtu. Mwaka 1983, kambi ikiwa kwenye baridi ya msitu wa Nyungwe, msimamizi mmoja alisokota magazeti akaziba matundu, akalala na jiko la mkaa. Ndayisaba ndiye aliyevunja mlango, akamkuta amekufa kwa hewa ya mkaa.

Mukamana alisimama, akaja polepole mpaka kwenye karavani.

"Fundi, ziba," alisema.

"Mama, hayo ni ya kupumulia."

"Ziba."

Harriet alimvuta Ndayisaba nyuma ya pikapu akamweleza kwa sauti ya chini. Mwezi wa Aprili shangazi alijificha na wajukuu wawili katika ghala la mahindi. Ukuta ulikuwa na tundu la hewa lenye upana wa mkono. Waliokuja kuua walichungulia hapo, na mkuki ulipitishwa hapo hapo. Ghala lilipofunguliwa, aliyekuwa anapumua alikuwa yeye peke yake, chini ya wale watoto.

"Hataingia humo yakiwa wazi," Harriet alisema. "Tangu tuinunue analala kwenye pikapu. Mvua inamnyeshea."

Ndayisaba alijua la kujibu. Jibu hilo alishawapa wahandisi, na bosi mmoja aliyetishia kumfukuza kazi. Safari hii alikata vipande viwili vya bati, akavipiga ribiti juu ya matundu.

"Tundu la hewa la kwenye paa libaki wazi," alimwambia Harriet. "Na moto ni nje. Apa."

"Naapa, Muzee."

Mukamana hakuulizwa. Mtu hamsimamishi mama wa umri ule na kumwambia arudie maneno kama mwanafunzi. Ndayisaba alitoa pini mfukoni.

Kwa wiki nne mambo yalikwenda vizuri. Mukamana alilala ndani na akaanza kula. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Harriet alimkumbusha habari ya moto, naye aliitikia.

Jumatatu, tarehe 14 Novemba, mvua ilinyesha bila kukoma. Mukamana alikuwa amebandika maharage kwenye imbabura, jiko lake la mkaa, chini ya turubai nje ya mlango. Upepo uling'oa turubai. Aliliingiza jiko ndani pamoja na sufuria, akafunga mlango. Maji yalikuwa yanadondoka kitandani kutoka tundu la paa, akalifunga nalo.

Harriet alirudi saa tisa. Maharage yalikuwa yameungua na shangazi amelala na kitenge chake begani. Alimburuta nje kwenye mvua, akamsugua kifua, akaita majirani. Mukamana hakupumua tena.

Siku ya pili, saa nne, Harriet alisimama langoni mwa gereji. Ndayisaba alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia.

"Nilimwambia, Muzee. Kila asubuhi."

"Mimi sikumwambia. Nilikwambia wewe."

"Hakukuwa na namna nyingine?"

Angeweza kusema haikuwepo, na hakuna ambaye angejua.

"Ilikuwepo," alisema. "Bomba lililopindwa kama kiwiko. Hewa inapita, jicho halipiti, mkuki haupiti. Kazi ya saa mbili. Sikuifikiria."

"Saa mbili," Harriet alisema.

"Saa mbili."

Harriet aligeuka kuondoka, akasimama. "Tunazika kesho mchana. Sijui kama nataka uje. Lakini wachimbaji ni wachache."

Asubuhi iliyofuata Ndayisaba alifika gereji kabla hakujapambazuka vizuri. Alijaza mchanga ndani ya mabomba mawili ili yasibonyee, akayapasha moto, akayapinda. Alipanda basi dogo mpaka lilipoishia, akatembea hadi Masaka na mabomba kwenye gunia. Alichimba pamoja na wanaume wengine mpaka shimo likamfika kifuani. Walipopumzika, alimwendea Harriet, akamwonyesha mabomba.

"Nani atalala humo sasa?" Harriet aliuliza.

"Wewe."

Harriet hakumtazama. "Weka basi."

Alikata ribiti moja moja, akabandua bati, akafungia bomba kwenye tundu la kwanza, kisha la pili. Aliingia ndani, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akasubiri mpaka akasikia upepo. Kisha alirudi kaburini, akachukua koleo.