Siku Tulipolilinda Kaburi la Kaka

Kila Oktoba, siku ya taifa ya kuwakumbuka wanajeshi walioanguka, mama na mimi tulikuwa tunapanda gari kwenda mjini kuketi chini ya hema. Tarumbeta inapigwa, mashada ya maua yanawekwa, wakubwa wanahutubu mpaka soda zinapata joto. Sikuipenda safari hiyo, nasema wazi. Kaka yangu alianguka Somalia, lakini amelala kwetu Kathonzweni, upande wa chini wa shamba, na huko mjini hakuna aliyewahi kuniuliza kaburi lake liko katika hali gani.

Hali ilikuwa mbaya. Likizo yake ya mwisho alianza kuchimba mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake unatupwa upande wa juu wa mteremko ili uwe ukingo wa kuzuia maji. Aliufikisha nusu, akaitwa kazini. Baada ya mazishi mama alikataa katakata mtu mwingine aumalize. Alisema kazi hiyo ina mwenyewe. Basi kila msimu wa mvua maji yalipita palipobaki wazi, yakachimba korongo, na korongo likazidi kusogea kuelekea kaburini. Mvua moja kubwa tu ingetosha kulibomoa.

Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, mtaro ni wake na kaburi pia ni lake. Huwezi kuvihifadhi vyote viwili. Chagua."

Alininunia, hata chai yangu hakuinywa. Kisha jioni moja nikamsikia kwenye simu akiita mwethya, kikundi chetu cha majirani wanaosaidiana kazi za shamba. Siku aliyowapa ilikuwa ile ile ya kitaifa.

Asubuhi hiyo sajini mstaafu aliyehudumu na kaka alifika kutuchukua kama kawaida, suti imepigwa pasi, medali kifuani, shada mkononi. Alikuta shamba limejaa wanawake wenye majembe, wanaimba.

"Mama, twende. Tukichelewa tutakosa viti."

"Wewe enda ukae kwa kiti," mama akamwambia. "Hiyo maua itakauka kesho. Mvua iko karibu, na maji inataka kubeba kijana yangu."

Sajini alilitazama korongo, akalitazama kaburi. Akavua koti lenye medali, akalitundika kwenye ua, akaomba jembe. Lakini mtu huyu alikuwa amechimba mahandaki nusu ya maisha yake, na mkono ukafuata mazoea. Akawa anatupa udongo wote upande wa chini, kana kwamba adui anapanda mlima. Wanawake waliacha kuimba, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama ndiye aliyemsogelea.

"Juu, kijana. Huku adui ni maji, na inatoka juu."

Miaka mingi sikuwa nimemsikia mama akitania. Nilicheka huku machozi yananitoka, wala sikuona aibu.

Kufikia mchana mtaro ulikuwa umekamilika, na sehemu yetu ilikuwa imeungana na ile ya kaka. Sajini alivaa koti lake juu ya shati lenye jasho, akaweka shada kaburini, akapiga saluti. Vigelegele vikapanda. Hakuna aliyehutubu. Nilijivunia watu wangu siku ile kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Ilipoanuka tuliteremka shambani, mimi roho mkononi. Mtaro ulikuwa umejaa pomoni na ukingo umesimama imara. Kule chini, udongo wa kaburi haukuwa umeguswa.

Mama aliinua mikono akapiga vigelegele peke yake, kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia majirani wote. Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya kaburi.

"Lala, baba," akamwambia. "Umelinda ya kutosha. Sasa zamu ni yetu."