Tundu Katika Ngozi ya Dani

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta hunifanya niinamishe kichwa hata leo. Mwezi uliopita ilinikuta mjini Migori, ndani ya duka la baiskeli, nilipokuwa nikimtafutia binti yangu baiskeli ya kwendea shule. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliondoa nailoni juu ya kiti kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba. "Madam, hiki ni ngozi tupu. Mtoto akikizoea, sofa yenu ataikataa." Nilimwambia anionyeshe kile cha plastiki. Binti yangu akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani mkononi. Basi naona afadhali nieleze, maana hata yeye sijawahi kumweleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Kwetu ni mbele kidogo ya Kosele, na shule niliyohamia ilikuwa mbali, kwa hiyo nikarithi baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito tunayoiita blekimamba. Ilikuwa nzima isipokuwa kiti. Ngozi yake ilikwisha zamani, zikabaki springi mbili na bamba la chuma.

Usicheke upesi. Watu hudhani mwendesha baiskeli huumia miguu. Miguu hupumzika ukishuka mlima. Kinachobeba mwili ni mifupa miwili midogo ya makalio, na ile barabara yetu ya mawe iliihesabu mifupa yangu kila asubuhi.

Nilianza na gunia lililokunjwa. Lilihama kila nilipokanyaga pedali, mpaka nikafika shuleni nimekalia chuma na gunia linaburutika nyuma. Kisha nikanyofoa sponji kwenye godoro langu, nikaifunga kwa kamba ya blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu. Siku mbili nilikuwa malkia. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ile sponji ilikunywa mvua yote kimyakimya, na nilipoikalia ikairudisha yote kwenye sketi yangu. Nilisimama darasani kujibu swali. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, huyu amekuja kwa kuogelea kutoka Kisegi, kule ziwani." Mwingine akasema, kwa huruma ya kujifanya, "Mwacheni. Akikua ataacha."

Siku hiyo nilisukuma baiskeli kwa miguu mpaka kwa fundi pale sokoni. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kuzungumza huku ameshika nati kwa meno.

"Binti, laini si raha," aliniambia. "Sponji inakubembeleza tu. Ngozi inakusoma. Mwanzoni itakuumiza, halafu itashika umbo lako, na baada ya hapo hutajua kama umekaa. Niletee kipande, nitakuvutia hapa."

Akanichorea kwenye boksi la karatasi umbo kama la parachichi. Alidhani nitakwenda kuomba kwa wachinjaji wa mbuzi. Mimi nilifikiria nyumbani.

Nyumbani alikuwepo Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Alizaliwa upande wa Kehancha, Mkuria, akaolewa kwetu. Kidholuo, lugha yetu, alikizungumza kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake, na Kikuria sisi wajukuu hatukukijua, kwa hiyo mimi na yeye tulikutana katikati, kwenye Kiswahili. Chumbani kwake kulikuwa na ngozi ya mbuzi aliyopewa na mama yake siku ya kuagwa. Aliipaka samli na kuikalia kila siku, miguu ameinyoosha, akichambua maharagwe. "Nilipokuja hapa," alizoea kusema, "kila kitu nilikikuta kina mwenyewe. Ngozi tu ndiyo yangu." Alitueleza pia desturi ya kwao: ndugu wa damu akija, mwenye ngozi huinuka akampisha. Viti ni vya wapita njia.

Yote hayo niliyasikia. Sitajidai sikuyajua.

Jumapili moja nilisema kichwa kinauma, wengine wakaenda kanisani. Nilichukua mkasi wa mama. Pembeni ile ngozi ilikuwa nyembamba na imejikunja. Katikati, pale alipokalia miaka yote, ilikuwa nene, laini, inang'aa. Nikaweka boksi la fundi pale pazuri, nikakata.

Fundi aliuliza, "Umeitoa wapi?" Nikasema, "Nyumbani." Nalo halikuwa uongo. Aliilowesha, akaivuta, akaibana kwa misumari ya kofia. Ajabu ni kwamba haikuniuma hata siku moja. Tangu asubuhi ya kwanza nilikaa kana kwamba kiti kile kilinijua, nikampita kila mtu njiani.

Jioni ya siku hiyo ya kwanza Dani aliniita. "Nyakwara, njoo uone kazi ya panya."

Kwa Kidholuo, nyakwara maana yake ni "mjukuu wangu". Aliniita hivyo hata akiwa na hasira, kwa hiyo jina halikunisaidia kujua lolote. Alikuwa ameinama, anazungusha kidole kwenye ukingo wa tundu, taratibu, kama anayelipima.

"Panya wa siku hizi wamesoma," akasema. "Tazama alivyokata mviringo. Huyu yuko darasa la saba."

Nilitazama ukuta. "Labda ana meno makali," nikasema.

"Labda." Akaigeuza ngozi, akaitandaza, akakaa juu ya tundu. Hakulitaja tena, wala hakumwambia mama wala baba. Mimi nilidhani yameisha. Nilidhani hata amesahau.

Wiki chache baadaye kaka yake, babu Chacha, alikuja kutoka Kehancha. Walikuwa hawajaonana muda mrefu. Tulisikia fimbo yake uani, na Dani akaanza kucheka kabla hajaingia, kicheko cha msichana ambacho sikukijua. Lakini hakuinuka. Babu alisimama mlangoni pa chumba, akasubiri. Nami nilikuwa hapo na sinia la chai. Walizungumza Kiswahili kwa heshima yangu, nisije nikadhani nasengenywa, na hivyo nilielewa kila neno.

"Boke," akamwita kwa jina lake la nyumbani, "miguu yako imekufa?"

"Imechoka tu. Kaa kwenye kiti, Chacha. Kipo hapo."

"Viti nimeviacha kwangu. Nimekuja kukalia ngozi ya mama."

"Ngozi imezeeka. Kiti ndicho kizuri."

Dani alishikilia kingo za ngozi kwa mikono yote miwili, akatabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu. Mimi nilijua. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi kabisa. Nikamimina chai.

Babu alikaa kwenye kiti, akanywa nusu kikombe, akakataa chakula. "Huku wamekufundisha vizuri," akamwambia dada yake, akatoka. Niliagizwa kumsindikiza. Uani aliipita baiskeli yangu, akasimama, akakibonyeza kiti kwa kiganja.

"Hii ni ngozi nzuri," akasema.

Nami nikajibu, "Asante, babu."

Hakurudi tena Dani akiwa hai. Dani mwenyewe aliendelea kukalia lile tundu kila alipokuja mgeni, na alipozidi kuzeeka alilalamika kuwa sakafu ina baridi. Sisi tulimwambia, Dani, si una ngozi.

Nilimwambia babu Chacha siku tulipomzika dada yake. Alikuwa mzee sana, amekaa peke yake pembeni ya hema. Nilipiga magoti nikamweleza yote, mkasi, boksi, panya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku ile hakuwa amekalia ngozi," akasema.

"Hapana, babu. Alikuwa amekaa chini."

"Chini." Alilirudia neno hilo kama anayelionja. "Nami nimekaa juu ya kiti, nimenuna."

Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Aliniomba tu nimletee kikombe cha chai, akakimaliza chote.

Nimefikiria sana maneno ya yule fundi, kwamba ngozi huumiza kwanza halafu inashika umbo lako. Yangu haikuniumiza kwa sababu maumivu hayo mtu mwingine alikwisha kuyapitia. Ilikuwa imemsoma Dani miaka na miaka, na mimi nilikata mahali hasa aliposomwa, nikapanda, nikapiga kengele.

Wewe unayesoma, kama kuna sentensi moja fupi uliyoinyamazia, nakusihi uiseme mapema, hata kwa sauti ndogo. Haiwi ndefu ikisemwa. Inakuwa ndefu ikingojwa.

Jumamosi nilirudi Migori na binti yangu, tukanunua kile kiti cha ngozi. Nilimwambia kitamuuma wiki za mwanzo, asikiwekee sponji, avumilie. Akaniuliza mimi cha kwangu kiliniuma siku ngapi.