Gari Lilikataa Kusoma, Nikamtaja Mzee wa Watu

Nilimwita mtu mwizi mbele ya majirani zake, na shahidi wangu alikuwa laptop.

Naitwa Didas, nina gereji Zegereni, Kibaha. Napima magari kwa kompyuta. Unachomeka waya chini ya usukani, mashine inakwambia gari linaumwa nini.

Mwezi wa tatu aliniita mfugaji mmoja wa Mzenga, Kisarawe, anaitwa Ngusa. Pikapu yake ya kubebea maziwa ilikuwa imewasha taa ya injini.

Nikafika na ovaroli safi, watu wakajaa. Injinia kaja!

Laptop haikuwa na chaji. Nikachomeka inveta yangu, ile ya kugeuza umeme wa gari uwe wa nyumbani, kwenye tundu la kiberiti cha gari, laptop ikachaji kidogo, umeme ukakata. Sikujali.

Nikaunganisha waya. Maandishi mekundu: hakuna mawasiliano na gari.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima swichi, nikawasha. Nikabadilisha waya. Wapi!

Nikawageukia watu.

"Nani aligusa hili gari mara ya mwisho?"

"Mzee Mwinyimadi, fundi wetu wa hapa," Ngusa akajibu.

"Basi kakupiga. Katoa kontrol boksi yako, ule ubongo wa gari, kaweka ya magumashi."

Nilisema hivyo ili nisionekane sijui. Sababu nyingine sina.

Mzee akaitwa. Mtu mzima kuliko baba yangu, na hata shikamoo sikumpa.

"Mzee, rudisha kitu cha watu."

Hakubisha. Akainama chini ya dashibodi, akatoka na fyuzi ndogo iliyoungua.

"Mwanangu, kiberiti na tundu la mashine yako vinatumia fyuzi moja," akaninong'oneza. Akaiangalia inveta, akaniangalia mimi.

Fyuzi niliiunguza mwenyewe.

Akainama tena, akaweka nyingine. Mashine ikasoma palepale: sensa tu, kile kifaa kidogo cha kupimia injini, ndiyo mbovu.

Kisha akawageukia watu. "Fyuzi ilichoka. Kijana hana kosa."

Alinisitiri, mimi niliyemwita mwizi. Nami nikanyamaza! Nikabadilisha sensa, nikakunja waya wangu, nikasepa.

Wiki iliyopita nilimpigia Ngusa kuulizia gari.

"Liko zima kabisa, injinia. Na yule mzee hapa hakuna anayempa funguo tena."

"Kwa nini? Si ilikuwa fyuzi?"

Akacheka. "Danganya toto hiyo! Ulimwambia arudishe, akainama kule chini, gari likasoma. Si alirudisha? Kijiji kizima tuliona."

Nilikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Basi watu wa Mzenga, someni hapa. Mzee Mwinyimadi hakuiba kitu, hakurudisha kitu. Fyuzi niliiunguza mimi, nikamwacha abebe. Jumamosi nakuja kulisema hilo kwa mdomo wangu, mbele ya walewale.

Na wewe fundi mwenzangu, mashine ikikataa kusoma, sema "sijui". Utachekwa siku moja, yaishe. Ukitaja jina la mtu, wewe utaondoka na laptop yako, yeye atabaki pale anaishi nalo.