Mfyulisi Uliokunywa Maji ya Baba

Ukifikicha jani la mfyulisi kiganjani, hutoka harufu chungu yenye utamu kwa mbali. Nikiisikia, najiona tena nyuma ya jiko letu, Mchukwi, nimechuchumaa kando ya mama anayeumwagia mti wake maji ya kuoshea mchele. Baba alikwenda Mohoro kuuza mpunga, akarudi na kokwa moja ya fyulisi, zawadi ya mfanyabiashara Mwarabu aliyemwambia kwamba tunda lake lina vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Mama akaipanda. Mti ukaota, ukarefuka, ukatoa majani tele, lakini ua halikuonekana. Majirani walitucheka kwamba tunafuga kivuli.

Kiangazi kile wanaume walikuwa wakinong'ona kila mahali. Walikuwa wamechoshwa na shamba la pamba la Wajerumani na viboko vyake. Ikaja habari ya dawa ya maji: anayeinywa, risasi ikimpiga itageuka maji. Jioni moja mjumbe wa dawa alimwachia baba kibuyu chake, anywe alfajiri kisha wafuatane vitani. Asiyekunywa hakuchukuliwa, maana angewatia wenzake nuksi. Nilikuwa mdogo, lakini nilimwona mama akikitazama kibuyu kile kama nyoka aliyeingia ndani.

Alfajiri baba alipokwenda kisimani kutawadha, mama alikichukua. Hakukimbia wala hakujificha. Alikuja nyuma ya jiko nilipokuwa nikipuliza moto, akainama vilevile kama siku zote, akaumwagia mfyulisi mpaka tone la mwisho.

"Mama Salima, maji yangu yako wapi?" baba aliuliza aliporudi.

"Nimeumwagia mti."

"Umeniua kwa aibu, mwanamke!"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Baba Salima. Kama kweli yana nguvu, mti utazaa. Ukizaa, nenda, na gobori nitakubebea mimi."

Wenzake wakaondoka bila yeye. Baba alishinda amelala, uso ukutani, chakula hataki. Watoto wenzangu walimwita mwoga, nami niliona haya hata kuchota maji. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko tulikisikia sisi kwanza, kisha kilio kikapita nyumba hadi nyumba, kwa kuwa risasi hazikugeuka maji. Askari wakaja kuchoma maghala ya chakula. Tukakimbilia msituni, na huko ni baba aliyetuchimbia mizizi ya mwituni tukaishi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa majivu. Mfyulisi ulikuwa umeungua upande mmoja, upande wa pili kijani. Baba aliukagua tawi kwa tawi, akitafuta ua. Hakuliona. Akaketi palepale kwenye majivu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tulikuwa na njaa, tumevaa matambara, na sijapata kufurahi vile tena maishani.

Tangu hapo, kila kiangazi aliukagua.

"Bado, Mama Salima."

"Alhamdulillahi," mama hujibu.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake, wajukuu wakimpepea. Siku hizi maghala yetu yamejaa, na watoto hawaujui mlio wa bunduki ila ule wa kuwinda. Wanangu wananishauri tuukate mti usiozaa, tupande mkorosho wenye faida. Nawatazama walivyojaa uani, wao na wadogo zangu wanne waliozaliwa baada ya vita. Kisha namaliza kuosha mchele, nakwenda kuumwagia mti maji.